Tathmini ya BAL 2021: kikapu kizuri, ligi fupi

Kilichochezwa Kigali kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021 kiliitwa ligi, Basketball Africa League, kwa kifupi BAL, mashindano ya mpira wa kikapu ya klabu za Afrika. Ukikitazama muundo wake, kilikuwa kombe. Timu bingwa 12 kutoka nchi 12, makundi matatu ya timu nne nne, halafu mtoano wa mechi moja moja mpaka fainali. Piga hesabu: mechi 18 za makundi, robo fainali nne, nusu fainali mbili, moja ya kutafuta mshindi wa tatu, na fainali. Jumla 26. Rivers Hoopers ya Nigeria, GNBC ya Madagaska, AS Police ya Mali na GSP ya Algeria zilicheza mechi tatu kila moja, zikafunga mabegi. Klabu inayofanya mazoezi mwaka mzima na kupigania tiketi ya kufuzu, kisha ikaambulia dakika 120, imepunjwa.

Lawama hizo haziwaangukii waandaaji peke yao. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, walitangaza ligi hii Februari 2019, na ilipangwa ianzie Dakar Machi 2020 kisha izunguke miji kadhaa. Korona ikavuruga yote. Kuzikusanya timu zote kwenye mji mmoja, zikipimwa na kutengwa, ndiyo njia iliyobaki, na kwa hilo Kigali ilikuwa chaguo sahihi: Kigali Arena, yenye nafasi ya watu wapatao 10,000, ilikuwa imefunguliwa 2019 tu. Wapiga mitupo ya mbali hupenda ukumbi wanaouzoea, na hapa kila mmoja alicheza kwenye sakafu ileile na vikapu vilevile. Kilichokosekana ni nyumbani na ugenini. Patriots wa Rwanda peke yao ndio walilala mjini kwao.

Sehemu iliyohitaji umakini zaidi ilikuwa hesabu ya kufuzu, na ndipo timu ngeni zinapoumia. Robo fainali zilikwenda timu nane: mbili za juu kutoka kila kundi, pamoja na washindi wa tatu wawili wenye rekodi bora. Kwa utaratibu wa FIBA, ushindi una pointi mbili na kipigo kina pointi moja. Washindi wa tatu wa makundi tofauti hawajakutana, kwa hiyo wakilingana pointi za msimamo kinachoangaliwa ni tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Maana yake, timu iliyoachwa kwa pointi 20 zikiwa zimebaki dakika tatu bado ina cha kupigania, kwa sababu kulala kwa 12 na kulala kwa 23 si kitu kimoja. Makocha wengi wana mazoea ya kuingiza vijana wa benchi mechi ikishaamuliwa. Katika kundi la mechi tatu, huo ni ukarimu wa gharama. Mechi ya ufunguzi ilikuwa somo tosha: Patriots 83, Rivers Hoopers 60. Wanigeria walianza mashindano wakiwa na deni la pointi 23, na hawakuvuka makundi.

Kanuni ya usajili ilitungwa vizuri. Kila kikosi kiliruhusiwa wageni wasiozidi wanne, na kati yao wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika. Inaonekana ni kinga nzuri kwa wazawa, ila angalia dakika. Mechi ya dakika 40 ina dakika 200 za kugawana kwa wachezaji watano walio uwanjani. Wageni wanne wakicheza dakika 30 kila mmoja wamekula 120, asilimia 60 ya mchezo. Kwa hiyo kinachopambanua timu ni ubora wa wazawa watakaozijaza zile 80. Hapo ndipo timu za Misri, Tunisia na Angola zilipowaacha wengine.

Zamalek ya Misri, mabingwa wa msimu huo, ndio kielelezo. Walishinda mechi zote sita: FAP ya Kameruni 82–53 kwenye robo, Petro de Luanda ya Angola 89–71 kwenye nusu, US Monastir ya Tunisia 76–63 kwenye fainali. Walter Hodge, pointi gadi (mpangaji wa mchezo) kutoka Puerto Rico, alichukua tuzo ya mchezaji bora, lakini tuzo ya mlinzi bora ilikwenda kwa Mmisri mwenyewe, Anas Mahmoud. Mgeni anaendesha, mzawa anafunga mlango chini ya kikapu. Linganisha na AS Salé ya Moroko. Terrell Stoglin aliongoza ligi kwa kufunga, wastani wa pointi 30.8 kwa mechi, na bado Petro wakawatoa robo fainali 79–72. Mfungaji mmoja anakupitisha makundi. Kwenye mtoano wapinzani wanamwekea watu wawili na kuwaachia wenzake wapige.

Patriots walionyesha upande mwingine. Kwenye robo waliipita Ferroviário de Maputo ya Msumbiji kwa tundu la sindano, 73–71, kisha kwenye nusu Monastir wakawachapa 87–46. Petro wakawamalizia 97–68 kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Pengo la pointi 41 kwenye nusu fainali si bahati mbaya ya usiku mmoja. Kikosi kisicho na benchi ndefu, kikibanwa kwenye ratiba ya mechi mfululizo, miguu ndiyo hutangulia kugoma: mitupo inaanza kugonga ukingo wa mbele na ribaundi, mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, zinakwenda kwa wengine.

Kuhusu J. Cole, yule mwanamuziki wa Marekani aliyevaa jezi ya Patriots: mechi tatu, pointi tano, kisha akaondoka. Kama tangazo, alifaa. Dunia nzima iliandika kuhusu ligi ambayo haijarusha hata mpira wa kwanza. Kama mchezaji, alikuwa amekalia moja ya nafasi mbili tu za watu wa nje ya Afrika, na Patriots walipofika kwa Monastir nafasi hiyo ilihitaji mtu wa kazi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, dosari kubwa ilikuwa kwenye orodha ya timu. Mabingwa wa Angola, Misri, Moroko, Nigeria, Senegal na Tunisia waliingia moja kwa moja, sita wengine wakapita kwenye mchujo. Ukanda wa mashariki ukatoa Patriots, GNBC na Ferroviário. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwa na timu. Uganda ilisubiri hadi 2023 kupitia City Oilers, Kenya hadi 2025 kupitia Nairobi City Thunder.

Msimu wa pili ulirekebisha kosa kubwa zaidi. Mwaka 2022 timu ziligawanywa sita sita, Dakar na Cairo, kila moja ikahakikishiwa mechi tano kabla ya mtoano wa Kigali, na jumla ikapanda hadi mechi 38. Monastir wakabeba kombe safari hiyo.

Ukitaka kuurudia msimu wa 2021 kwenye video, usianze na fainali. Anza na Patriots dhidi ya Ferroviário, uone mechi ya pointi mbili inavyochezwa kwa woga na ujasiri kwa zamu. Halafu Salé na Petro, ukimfuata Stoglin asipokuwa na mpira. Fainali iwe ya tatu, na kwenye fainali mwangalie Mahmoud, hata Hodge anapofunga.