Globu za H4 za kawaida: uzoefu wangu wa kubadilisha taa ya mbele mwenyewe

Taa ya kulia ilikuwa inawaka fulu (mwanga wa mbali) tu, dimu (mwanga wa chini) haipo. Kwa anayetumia H4, aina ya globu ya taa ya mbele, hiyo ni dalili ya wazi, kwa sababu globu moja ina nyuzi mbili, ya dimu wati 55 na ya fulu wati 60, na moja ikikatika nyingine inaendelea na kazi yake. Hata hivyo nilianza na fyuzi, maana hiyo kuikagua ni bure. Ilikuwa nzima. Globu ilipotoka ndipo nikaona uzi umekatika na kioo kimeingia weusi.

Nilinunua jozi ya halojeni za kawaida, volti 12, 60/55. Ile ya kushoto bado ilikuwa inawaka, lakini zile za zamani zilifungwa siku moja na sikutaka kufungua boneti tena baada ya muda mfupi. Muuzaji alinisukumia za 100/90 kwamba ndizo "zinapiga mbali". Sikuzitaka. Wati 60 zinavuta takriban ampea 5, wati 100 zinazidi 8, na joto kwenye plagi haliongezeki sawasawa na ampea, linakaribia mara tatu. Waya za kiwandani hazikuwekwa kwa mzigo huo. Za LED nazo nilizipita: rifleketa (bakuli la taa linaloakisi mwanga) ya halojeni imepimwa kwa mahali uzi ulipo, ukibadilisha chanzo cha mwanga mara nyingi unatawanyika na kumpofua anayekuja mbele yako.

Kazi yenyewe haihitaji hata bisibisi. Taa zikiwa zimezimwa na kupoa, unachomoa plagi ya pini tatu (shika plagi, usivute waya), unabandua mpira wa kuzuia vumbi, halafu unakutana na kile kibanio cha waya. Hapa ndipo penye shughuli. Hukioni, unapapasa kwa kidole: kisukume kwa ndani kwanza, kisha kando, kitaachia chenyewe. Ukikivuta kwa nguvu kitapinda, na kibanio kilichopinda hakishiki globu vizuri tena. Globu mpya ina masikio matatu, la juu ni pana kuliko mengine, kwa hiyo inakaa kwa namna moja tu. Kibanio kikigoma kufunga, usikilazimishe, globu haijakaa.

Kioo usikiguse. Mafuta ya vidole yanaungulia pale pale na kufupisha maisha ya globu. Kikiguswa, kifute kwa spiriti na kitambaa safi.

Jambo ambalo wengi wanaliruka ni plagi. Yangu ilikuwa imegeuka kahawia kwenye pini moja na plastiki imeanza kulainika. Globu mpya kwenye plagi legevu ni kuichoma tu, basi nikaweka ya kauri, nikihamisha waya mmoja mmoja ili mpangilio usichanganyike. Plagi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko globu zote mbili. Upande wa kushoto betri inabana mkono, ila inawezekana.

Baadaye nilisimamisha gari mbele ya ukuta, mahali tambarare, nikalinganisha dimu: ukingo wa juu wa mwanga ulikuwa kwa urefu mmoja pande zote mbili. Sikugusa skrubu za kurekebisha.

Mwanga wake una unjano kidogo. Anayependa weupe wa kung'aa hataridhika. Mimi kwenye mvua naupenda zaidi huu. Lawama yangu ni karatasi ya maelezo: vichoro vidogo visivyoonyesha kibanio hata kidogo.

Ningezinunua tena. Ila gari lenye taa za xenon (zinazowaka kwa gesi, si kwa uzi) usilifanyie hivi. Kuziwasha kunahitaji maelfu ya volti, mwachie fundi umeme. Na magari ambayo lazima ufungue bampa ndipo uifikie globu, pima kwanza kama una subira hiyo.