Uzoefu wangu: seti ya kuanzia kuvua trauti kwa nzi bandia (fimbo ya futi 9, namba 5)

Seti ina fimbo ya vipande 4, rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi) ya alumini, mshipi unaoelea wa mita 27, lida moja (uzi wa nailoni kati ya mshipi na nzi, unaopungua unene kuelekea ncha) na kisanduku cha nzi 12 (ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu). Nimeitumia mwaka mzima kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, hasa Gura, Chania na Thego. Fimbo ni nzuri kuliko bei yake na mshipi unatosha. Lida na nzi vibadilishe kabla hujafika mtoni.

Anayeanza huangalia fimbo kwanza, lakini seti ya aina hii ipimwe kwa mshipi. Kwenye uvuvi wa ndoana tuliouzoea, chubwi ndiyo inayobeba uzi. Nzi bandia hana uzito wowote wa maana, kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe, naye nzi hufuata. Namba hupima uzito wa mshipi: mita 9 za mbele za mshipi namba 5 zina gramu 9 hivi, na uzito huo ndio unaoikunja fimbo. Ukiweka mshipi namba 3 kwenye fimbo namba 5, fimbo haikunjiki na kila mtupo unakufa katikati. Wa seti hii umeandikwa WF5F, maana yake uzito uko mbele, namba ni 5, na unaelea. Ndio unaomfaa anayejifunza.

Kasoro yake ni kwamba unatoka dukani ukiwa na mikunjo kama chemchemi ya kalamu. Vuta mita 10, uunyooshe kwa mikono kipande kwa kipande, bila kuukaza sana. Usipofanya hivyo mikunjo hunasa kwenye pete za fimbo. Tatizo linazidishwa na rili kuja bila uzi wa akiba. Mshipi ukizungushwa moja kwa moja kwenye kiini chembamba cha rili, mikunjo inakuwa midogo na migumu zaidi. Nunua mita 50 za uzi wa dakroni wenye nguvu ya pauni 20, ujaze kiini kwanza, kisha mshipi ukae juu yake.

Lida ndiyo iliyonikera. Ncha yake ni 2X, yaani milimita 0.23, inayofaa nzi wakubwa wa namba 6 au 8 (namba ya ndoana ikipanda, ndoana inakuwa ndogo). Trauti wa maji meupe ya milimani huvuliwa zaidi kwa namba 12 hadi 16, na nzi mdogo akifungwa kwenye uzi mgumu namna hiyo anaburutwa juu ya maji badala ya kuelea na mkondo. Kanuni inayosaidia: gawanya namba ya ndoana kwa 3 upate namba ya X. Namba 12 inataka 4X (milimita 0.18), namba 15 au karibu yake inataka 5X (0.15). Nzi wa kisanduku nao wamefungwa ovyo, manyoya yanafumuka baada ya samaki wawili. Afadhali nzi sita wazuri, wakiwemo wawili wa Kenya Bug, yule mweusi anayejulikana sana kwenye mito yetu.

Kumfunga nzi: pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoana, uizungushe kwenye uzi wenyewe mara 5, uirudishe kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu, lowesha kwa mate, ndipo ukaze polepole. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika.

Mazoezi yafanyie uwanjani kwenye nyasi, ukiwa umefunga kipande cha sufu nyekundu badala ya ndoana. Toa mita 8 tu za mshipi. Anza ncha ya fimbo ikiwa chini na mshipi umenyooka. Mshipi ukilegea, nusu ya nguvu yako inapotelea kwenye kuunyoosha. Inua kwa kasi inayoongezeka, kisha simamisha ghafla. Walimu hutaja 10 na 1, nazo ni namba zilizochapwa kwenye uso wa saa, si saa za Kiswahili. Simamisha nyuma kwenye 1, ngoja mshipi unyooke wote, rudisha mbele, simamisha kwenye 10. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umewahi mno, na mtoni mlio huo ni nzi anayekatika. Mafundo madogo kwenye lida yakizidi, ujue unaweka nguvu yote mwanzoni mwa mtupo. Yakate ufunge upya, maana uzi wenye fundo hukatikia hapohapo.

Kingo za Gura na Thego zina vichaka, nafasi ya mtupo wa nyuma mara nyingi haipo. Hapo vuta mshipi taratibu juu ya maji hadi uning'inie nyuma ya bega, kisha sukuma fimbo mbele na kusimamisha. Mtupo huu haufundishiki kwenye nyasi kwa sababu unategemea maji kuushika mshipi.

Fimbo yenyewe sina lawama nayo. Panga vidoti vya vipande vikiwa robo duara mbali, sukuma huku ukizungusha hadi vilingane, na kagua maungio kila nusu saa. Kikilegea kimoja, fimbo hupasuka pale. Dawa ya mbu yenye DEET isiguse mshipi, inayeyusha ganda lake. Kwa anayevua vijito vyembamba vya msituni peke yake, futi 9 zitamsumbua kwenye matawi: atafute futi 7 na nusu, namba 4.