Takawiri: mchanga mweupe, ila usiende kwa siku moja

Ukiuliza ufuo mjini Kisumu utaelekezwa Dunga au Hippo Point. Dunga inastahili sifa zake: samaki ni wa siku hiyo hiyo, na ile njia ya mbao inayopita kwenye kinamasi cha mafunjo ni ya pekee kwa wapenda ndege. Lakini wikendi jioni muziki hutoka kila upande, bodaboda na tuktuk hujaa, na atakayetaka kuingia majini atakuta hakuna pa kuoga. Mji umekaa ndani kabisa ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Mto Nyando na mingine huleta udongo na uchafu, maji ya ghuba ni ya kina kifupi na hayabadilishwi haraka, kisha upepo wa alasiri kutoka magharibi husukuma gugu maji hadi ukingoni. Asubuhi unaweza kuona maji meupe, jioni ukakuta mkeka wa kijani.

Takawiri iko upande wa pili wa hadithi hiyo. Ni kisiwa kidogo kati ya Rusinga na Mfangano, nje ya mdomo wa ghuba, kinachopigwa na mawimbi ya ziwa kuu. Ndiyo maana mchanga wake ni mweupe, na maji yana uangavu usioupata Kisumu. Kuna minazi, kuna kivuli, na kelele kubwa ni ya injini ya boti ya wavuvi. Kwa anayetaka kupumzika kwa kweli, hatuoni ufuo unaoshinda huu upande wa Kenya wa ziwa. Sharti ni moja: lala huko angalau usiku mmoja, ikiwezekana miwili.

Sababu ni upepo. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani na maji hutulia. Jua likipasha nchi kavu, upepo hugeuka, na kuanzia adhuhuri mawimbi hupanda. Anayekwenda na kurudi siku moja hufika akiwa amechelewa, hukaa saa mbili tatu, kisha huvuka kurudi wakati mbaya kuliko wote. Hapo ndipo watu hulowa, hutapika na kusema kisiwa si kizuri, wakati kosa lilikuwa la ratiba.

Njia ya barabara kutoka Kisumu ni Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Kwa gari binafsi hesabu takriban saa tatu. Kwa matatu ongeza muda wa kungoja abiria wajae. Njia nyingine ni kwa barabara ya Bondo hadi Luanda Kotieno, kisha feri hadi Mbita. Safari hiyo inapendeza zaidi, ila feri zina saa zake na ukiikosa unaketi. Thibitisha saa za kuondoka siku moja kabla, na ukiwa na gari fika mapema upate nafasi. Ukiondoka Kisumu saa 12 asubuhi kwa barabara, saa 3 uko Mbita na bado ziwa limetulia. Aliyechelewa ni heri alale Rusinga, ng'ambo ya daraja, akazuru kaburi la mwanasiasa Tom Mboya jioni, avuke kesho yake.

Boti za abiria zinazotoka Mbita kuelekea Mfangano hupitia Takawiri na ni nafuu kuliko kukodi. Ukikodi, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, si katikati ya maji, na ulipe nusu ya pili siku ya kurudi. Kabla ya kukanyaga boti tazama mambo manne: kila abiria ana jaketi la kuokoa maisha na limefungwa, mafuta yanatosha kurudi, kuna chombo cha kukumbia maji, na ukingo wa boti uko juu ya maji vya kutosha baada ya watu na magunia kuingia. Ukikuta boti imejazwa kupita kiasi, ngoja nyingine. Simu na nguo ziingie kwenye mfuko wa plastiki hata asubuhi.

Chakula ni ngege (sato) au mbuta (sangara). Agiza mapema, maana samaki huandaliwa baada ya kuagizwa: ukisema saa 7 mchana, huenda ukala saa 9. Omba kwanza uoneshwe samaki, macho yawe angavu na mashavu mekundu. Ngege wa kukaanga kisha akatiwa nyanya na kitunguu, kwa ugali na mboga ya managu, ndiye wa kuchagua. Mbuta ni mnofu mwingi na mafuta, anafaa zaidi kwa kundi. Beba pesa taslimu za noti ndogo, maji ya kunywa, tochi na chaji ya ziada.

Sasa kasoro. Maji mazuri kwa macho bado yanaweza kuwa na kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji tulivu yenye matete na majani, kwa hivyo oga penye mchanga mtupu na mawimbi, mbali na gati na mahali watu wanapofulia. Asubuhi mapema ni bora kuliko mchana. Jikaushe mara moja kwa taulo. Hata hivyo hatari haiishi kabisa: wiki sita au zaidi baada ya safari pima choo na mkojo, na ukikutwa nacho dawa ni praziquantel. Malaria iko kanda yote ya ziwa, basi kagua chandarua kama kina matundu kabla ya giza kuingia. Usitembee ukingoni usiku, viboko hutoka majini kula nyasi.

Ukiweza, chagua usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi wa omena (dagaa) huwasha taa kuvuta samaki, na ziwa lote huonekana kama mji ulioelea. Nahodha wa kukurudisha mwagize jioni hiyo hiyo, aje saa 1 asubuhi.