Gari la Kijapani la Kuanzia Mbio za Wikendi: Nunua Jepesi, Bakiza Pesa

Juzi kijana wa mtaani kwetu alinifuata na picha za Subaru Impreza WRX kwenye simu. Bei yake ilikuwa inameza akiba yake yote. Nikamuuliza: tairi utanunua na nini? Pedi za breki je? Kiti na mikanda? Akakaa kimya. Swali hilo limewanyamazisha wengi ninaowashauri, na ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Mimi nashika kanuni moja: gari lisile zaidi ya nusu ya pesa uliyo nayo. Nusu nyingine itaondoka kwenye breki, tairi, usalama na spea za mwaka wa kwanza. Kisha nunua jepesi. Gari la kilo 1,000 linakula tairi na pedi taratibu. La kilo 1,400 lenye turbo linazimaliza siku moja, nawe bado hujajifunza hata kuingia kona. Orodha yangu inafuata hesabu hiyo.

1. Toyota Vitz RS

Najua wapo watakaokunja uso. Sizungumzii Vitz ya lita moja yenye gia za otomatiki iliyojaa mitaani. Nazungumzia RS yenye injini ya lita 1.5, iitwayo 1NZ-FE, na gia za mkono. Injini za ukoo huo ndizo zilizomo kwenye Probox na Fielder nyingi, kwa hiyo pampu ya maji, gasketi na plagi unazipata Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo uliyoharibikiwa.

Huko Japani Toyota waliendesha mashindano ya Vitz peke yake kuanzia mwaka 2000 hadi 2020, kisha Yaris ikashika nafasi. Magari yenyewe yalikuwa na namba za barabarani: mtu anaendesha hadi uwanjani, anashindana, anarudi nalo nyumbani. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoweza kumudu mchezo huu.

Kasoro yake ni ya kila gari linalovutwa na tairi za mbele. Ukiingia kona kwa pupa, pua inagoma kugeuka na gari linateleza kwenda nje. Ukikanyaga mafuta mapema, tairi ya ndani inazunguka bure. Dawa ya kwanza haiuzwi dukani: funga breki mapema ungali umenyooka, subiri pua igeuke, ndipo ukanyage mafuta. Vitz itakulazimisha ujifunze hilo, na ukilijua hapa utaliendesha vizuri gari lolote.

2. Mazda Roadster (MX-5)

Ingekuwa ya kwanza kama ningekuwa naishi Japani, Uingereza au Marekani, na ndugu zetu walioko huko wasifikirie mara mbili. Tangu ilipotoka mwaka 1989 imejengwa kwa wazo lile lile: jepesi, injini mbele, nguvu kwenye tairi za nyuma, uzito umegawanywa karibu sawa mbele na nyuma. Ile ya mwanzo ya 1.6 haifiki tani moja. Unahisi kupitia kiti chako gari linapoanza kuteleza, na lina adabu ya kukuonya kabla.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Kwetu spea zake ni za kuagiza, na kusubiri kifurushi wiki tatu ndani ya msimu kunaumiza. Pili, haina paa la chuma. Usiingize Roadster kwenye mbio bila nguzo ya chuma nyuma ya viti, na nguzo hiyo ipite juu ya helmeti yako ukiwa umekaa umejifunga mkanda.

3. Toyota Altezza RS200

Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Altezza ziko mbili na kwa nje zinafanana. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, nguvu farasi 210 kwa ile ya gia sita za mkono. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, nzuri kwa safari lakini si ya uwanjani. Usisikilize maelezo ya muuzaji. Fungua boneti usome kibao cha chesisi. SXE10 ndiyo RS200, GXE10 ni AS200. Nimewahi kukuta GXE10 iliyobandikwa alama za RS200 na kupandishwa bei kwa alama hizo tu.

Ukiipata ya kweli, badilisha mkanda wa taimingi kabla ya kitu kingine chochote, hata ukiambiwa ulibadilishwa jana. Na usiiongezee turbo, giaboksi yake haitavumilia. Inapita kilo 1,300, kwa hiyo bajeti ya tairi ipande.

4. Toyota 86 na Subaru BRZ

Hizi ni pacha zilizotoka mwaka 2012, injini ya lita 2.0 iliyolala (pistoni zinakwenda kushoto na kulia, si juu na chini), nguvu farasi 200, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Kwa uendeshaji zinawapita wote niliowataja. Bei ndiyo inayozishusha kwenye orodha: dereva anayeogopa kuliumiza gari lake hajifunzi. Kwa zile za 2012 na 2013, uliza karatasi za kazi ya springi za valvu. Watengenezaji waliziita zirudishwe kwa ajili hiyo, na ni kazi kubwa, kwa hiyo ujue ilifanyika na nani aliifanya.

5. Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution

Ni mashine ninazozipenda, ila si za kuanzia. Turbo inaleta joto, na joto linadai rejeta kubwa, oili bora na macho yasiyobanduka kwenye geji. Kwenye kona ndefu oili ya injini ya Subaru inaweza kukimbilia upande mmoja, beringi zikakauka, na injini ikagonga. Rudi kwao ukiwa na misimu miwili mkononi.

Kabla hujalipa

Ukiagiza kutoka Japani, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari. Daraja la R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hivyo vinavumilika. Ogopa S na C, yaani kutu, hasa chini ya milango: bodi iliyolika haishiki msimamo kwenye kona. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, hivyo Altezza na Roadster za zamani utazitafuta humu humu. Tanzania mlango uko wazi, ila uzee wa gari unaongeza ushuru.

Pesa iliyobaki

Anza na mafuta ya breki. Siku yangu ya kwanza fundi aliniapia kuwa ameyabadilisha. Mzunguko wa nne, mwisho wa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni, laini kama kukanyaga sifongo. Nilipampu mara tatu ndipo ikashika, nikiwa nimeshaingia kwenye majani. Mafuta yalikuwa ya zamani na yameshanyonya maji. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinashuka hadi 155, na breki za mbio zinapita hapo haraka. Tangu siku ile nafungua chupa mwenyewe na kusimama hapo mpaka tone la mwisho lenye hewa litoke.

Baada ya hapo pedi, kisha tairi, kisha kiti na mikanda. Shokapu zifuate, injini iwe ya mwisho kabisa. Helmeti iwe ya gari, yenye alama ya Snell SA (alama ya helmeti zilizopimwa kwa mbio za magari), maana bitana yake inahimili moto na ile ya pikipiki haihimili. Nenda na spana ya kupimia nguvu: nati za rimu za Toyota zinakazwa Nm 103. Zikaze asubuhi, na uzikague tena ukitoka mizunguko ya kwanza, rimu zikishapoa.