Juu kwa Ami, Tudor: mkahawa ambao mbio za magari hazizimiwi sauti

Mombasa haina uhaba wa mikahawa yenye televisheni kubwa, ila karibu yote ni ya mpira. Mbio za Formula 1 za Ulaya huanza saa kumi za jioni kwa saa zetu, na mara nyingi ligi ya Uingereza nayo ina mechi ya Jumapili saa kumi hiyo hiyo. Mshindi unamjua. Kama wewe ni mpenzi wa magari, utaambiwa usubiri hadi mapumziko, au utawekewa mbio kwenye skrini ya pembeni bila sauti, na mbio bila sauti ni nusu ya mbio.

Kwa Ami, huku Tudor, mambo ni tofauti. Mkahawa hauna kibao. Uliza tu, utaonyeshwa. Chini ni mpira, ghorofani ni magari, kila televisheni na king'amuzi chake. Huko juu sauti haishushwi hata chini wakipiga kelele za bao. Unasikia injini, unasikia dereva akizozana na fundi wake redioni. Tena wakati unatutosha vizuri: watu wanaswali alasiri, wanapanda ngazi, na mbio zikiisha magharibi bado haijaadhiniwa.

Kinachonirudisha hasa ni ubao. Kabla ya kila mbio Ami huandika kwa chaki kanuni moja iliyobadilika, kwa Kiswahili cha kueleweka, halafu watu wanaijadili mpaka taa za kuanzia zizimike. Sijaona pengine mjini humu panapomheshimu mtazamaji namna hiyo. Mashindano haya hubadilishwa kanuni kila mara, na asiyeelezwa hubaki akitazama magari yakizunguka tu.

Kanuni za 2026 ndizo zilizotugawa zaidi. Mota ya umeme imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu za gari zima. Kile kifaa kilichokuwa kikivuna umeme kutokana na moshi wa injini kimeondolewa, kwa hivyo betri inategemea zaidi umeme unaovunwa gari linaposhika breki. Mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini Kilindini, na haibridi kutoka Japani, yale magari ya mafuta na umeme, ndizo zinazoniletea wateja wenye maswali mengi: betri ina uhai gani, itajaa vipi, ikifa itakuwaje. Kwa hiyo jambo hili nalielewa kwa mikono. Kwenye uwanja kama Monza, Italia, wenye barabara ndefu zilizonyooka na kona chache za kushika breki, umeme huo utatoka wapi? Dereva Max Verstappen alilalamika tangu 2023 kwamba dereva angelazimika kupunguza gia katikati ya mnyooko ili kulinda betri. Hofu hiyo naiona ni ya haki. Dereva bora duniani apunguze mwendo mahali pa kukanyaga mafuta, hilo haliniingii.

Lakini sikubaliani na wanaosema kila kitu kimeharibika. Magari yamefanywa mafupi na membamba, na uzito wa chini umeshushwa hadi kilo 768. Hilo tumelililia miaka. Na ile DRS, kanuni ya bawa la kusaidia kupita iliyoanza 2011, imekwenda. Kwa kanuni ile, bawa la nyuma lilifunguka kwa anayefukuza peke yake, akiwa ndani ya sekunde moja. Wa mbele alikuwa kama amefungwa mikono. Sasa mabawa ya mbele na nyuma hufunguka kwa magari yote kwenye minyooko. Kijana mmoja mwendesha tuktuk, ambaye hakosi, alinibishia: "Dada, si wa nyuma bado anaongezewa umeme akiwa ndani ya sekunde moja? Ni DRS ile ile imebadilishwa nguo." Ana hoja. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba umeme ukiutumia kona hii hutakuwa nao kona ile, na uamuzi huo ni wa dereva.

Ukikaa pale kwa muda utagundua kwamba hasira za wapenzi haziko kwenye injini. Ziko kwenye pointi. Taja Abu Dhabi 2014, ambapo mbio za mwisho za msimu zilipewa pointi mara mbili, taja Spa ya Ubelgiji 2021, ambapo magari yalizungushwa mvuani nyuma ya gari la usalama kisha nusu ya pointi zikagawanywa, utasikia meza zikipigwa. Mchujo wa kuondoshana wa 2016, wa kupanga nafasi za kuanzia, uliachwa baada ya mbio mbili, na kila mtu pale anasema hata hizo mbili zilizidi. Nakubaliana nao kabisa. Gari ukilibadilisha, mhandisi na dereva watapata njia. Hesabu ya ushindi ukiichezea, unamdhulumu aliyeshinda na unamdhulumu aliyetazama.

Halo, ule upinde unaolinda kichwa cha dereva, hakuna anayeibishia tena. Ilipowekwa 2018 iliitwa mbaya, inaharibu sura ya gari. Baada ya Bahrain 2020, dereva Romain Grosjean alipotoka hai ndani ya moto na gari lake limekatika vipande viwili, mjadala huo ulifungwa.

Wikendi ya Safari Rally ndiyo ya kwenda kama unataka kusikia wazee. Kuna mmoja aliyeziona mbio zilipokuwa zikishuka hadi Pwani kwenye barabara za kawaida, enzi za madereva Joginder Singh na Shekhar Mehta, huyu wa mwisho akiwa na ushindi mara tano. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 ikiwa fupi, Naivasha. "Mwanangu," aliniambia, "kanuni iliyoniuma ni ile iliyoleta ukingo wa kamba, watazamaji tusisogee barabarani." Na ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: kama umeme ndio mbele, mbona ubingwa wa rally uliingiza haibridi 2022 na kuitoa 2025? Jibu langu ni gharama. Formula 1 ilikuwa na viwanda vinavyoutaka umeme huo, Audi mmojawapo. Rally haikuwa na foleni ya namna hiyo mlangoni.

Chakula ni kizuri bila makuu. Viazi karai vinatoka moto na chatne ya ukwaju yenye pilipili ya kweli, mishkaki ni laini, pilau huisha mapema. Chai ya tangawizi shilingi 50. Kahawa ni ya kawaida. Mhudumu hupanda juu mara chache sana mbio zikianza, kwa hivyo agiza kabla.

Kasoro kubwa ni dirisha la magharibi. Kufikia saa kumi na moja jua linapiga moja kwa moja kwenye skrini, mizunguko ya mwisho unaona vivuli. Pazia nene lingetosha, na nimemwambia Ami. Feni ni mbili kwa chumba kinachojaa watu, na mvua kubwa ikinyesha picha hukatika.

Mimi ni mwanamke, ninakwenda peke yangu, na sijawahi kusumbuliwa wala kuulizwa kama nimepotea njia. Hoja yangu hupingwa kwa hoja.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, chagua mbio za asubuhi. Australia huanza saa moja, Suzuka ya Japani saa mbili. Ami hufungua mapema, mahamri na mbaazi vipo, jua haliko upande wa skrini na chini hakuna mpira. Brazil ni saa mbili usiku, na hiyo inajaa hadi kwenye ngazi, kwa hivyo mwambie akuwekee kiti tangu Jumamosi.