Harufu ya majitaka ndani ya nyumba: ununue nini kwanza hapa Mtwara

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukasema sinki linanuka, muuzaji atakuletea chupa ya dawa. Mwambie asubiri. Ile harufu ya mayai viza ni gesi inayopanda kutoka kwenye shimo la majitaka, na kinachoizuia isiingie ndani ni maji kidogo tu yanayobaki kwenye kona ya bomba. Kwa hiyo vitu hivi nimevipanga kwa swali moja: kinazuia gesi, au kinafunika harufu tu?

Cha kwanza ni trapu ya sinki, yaani hiyo kona ya bomba inayobakiza maji. Chukua ya plastiki ngumu inayobakiza maji yenye kina cha kama milimita 50. Ya chupa inafaa sinki la kunawia, maana kitako chake kinafunguka kwa mkono. Jikoni mimi nachagua ya U: sinki la huku linapokea machicha ya nazi na magamba ya samaki, na chupa hujaa upesi. Kabla hujalipa, fungua nati zote uhakikishe raba zimo. Bila raba itavuja, hata fundi awe hodari vipi. Bomba la mikunjo linalovutika lina bei nzuri, ila wengi huliingiza ukutani likiwa limenyooka, halafu mikunjo inashika mafuta ya tui. Ukilinunua, lipinde kabisa na ulifunge libaki hivyo.

Cha pili, trapu ya sakafuni ya bafu. Inua wavu uchungulie. Ukiona bomba limeshuka moja kwa moja, hapo hakuna trapu, na wavu mpya, hata ung'ae vipi, ni pesa ya kutupa.

Kama hutaki kuvunja vigae, kinafuata kizuizi cha mpira kinachotumbukizwa kwenye tundu: maji yakija kinafunguka, yakiisha kinajifunga. Kinawafaa sana wanaofunga nyumba msimu wa korosho wakaenda Tandahimba au Newala, wakirudi maji ya trapu yamekauka na nyumba nzima inanuka. Nunua kinachochomoleka, kwa sababu unywele mmoja ukikwama hakijifungi tena. (Dawa ya bure: siku ya safari mimina maji kwenye kila tundu, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Yatakawia kukauka.)

Nafasi ya nne ni bomba la hewa. Ukivuta maji chooni sinki likagugumia, trapu inanyonywa maji yake. Bomba lipande juu ya paa, mbali na madirisha, na mdomoni liwe na wavu wa mbu. Kazi ya fundi hiyo.

Kostiki soda inayeyusha mafuta yaliyoganda, basi. Vaa glavu, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Jiki nayo usiikutanishe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kuivuta.

Mkiani kabisa ni vidonge vya naftalini. Vinaongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza, ni sumu, na mtoto huvidhania pipi.

Trapu zote zikiwa na maji na bado kunanuka, toka nje ukague mfuniko wa chemba. Ukiukuta mzima, pengine shimo limejaa, na hapo pesa ni ya gari la majitaka.