Tahadhari kwa wenye pikapu Mombasa: muuzaji wa shoku za "kulainisha gari"

Ndugu zangu mlio na pikapu hapa Mombasa, Kilifi, Kwale na huko juu hadi Mariakani, kuna mtu anazunguka na shoku pamoja na vipuri anavyosema ni vya kulainisha gari. Msimpe gari lenu. Mimi ni fundi upande wa Changamwe, na magari aliyoyagusa yanaletwa kwangu moja baada ya jingine yakiwa na madhara yaleyale. Kupoteza pesa ni jambo moja. Linaloninyima usingizi ni kwamba magari hayo yako barabarani kila siku, katikati ya matrela, na wenyewe wanaamini yametengenezwa.

Hana duka. Hutangaza kwa picha za shoku zinazong'aa, zenye stika za kampuni kubwa za Japani, na kusema mzigo umetoka bandarini juzi. Shoku nne shilingi 16,000, mipira ya springi 5,000 juu yake, ufundi bure, na anakufuata ulipo na vijana wake: nyumbani, kazini, hata kwenye maegesho. Anawalenga hasa watu wanaokwenda kazini kwa pikapu tupu kupitia barabara kuu, maana anajua kilio chao. Na kilio chenyewe ni cha kweli. Springi za nyuma za pikapu zimeundwa kubeba mzigo mzito. Ukipanda peke yako na mkoba wako hazina kinachozikandamiza, basi kila kiraka cha lami kinakupanda mgongoni. Mtu anayetoka Kilifi alfajiri na kurudi magharibi, kilomita kama 60 kila upande, akiahidiwa nafuu atatoa pesa.

Sasa sikizeni nafuu hiyo inavyotengenezwa.

Wakati yeye anaongea nawe, kijana wake mmoja anapita kwenye tairi na kupunguza upepo. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo baya kuliko yote. Mwalimu mmoja wa Vipingo anayefundisha kisiwani aliniletea pikapu yake akilalamika kwamba usukani umekuwa mzito. Nikapima: tairi za nyuma PSI 18, za mbele 20, na kibandiko cha mlangoni mwake kinataka karibu 30. Akaniambia, "Fundi, lakini siku ile walipomaliza niliijaribu mwenyewe, ilitulia kweli." Ilitulia, mwalimu, kwa sababu tairi lisilo na upepo wa kutosha linabonyea kwenye kila shimo. Ulaini ule haukutoka kwenye shoku hata kidogo. Tairi likikosa upepo, kuta zake zinakunjika na kukunjuka kila linapozunguka, linapata joto, na ukiongeza jua letu na lami ya saa nane mchana kwa mwendo wa 80 au 90, nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Linapasuka. Yule mwalimu alikuwa akipita daraja la Mtwapa kila siku akiwa hivyo, na mara nyingine na watoto ndani.

La pili ni shoku zenyewe. Shoku haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Kazi ya shoku ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga shimo. Ndani yake pistoni inapita kwenye oili kupitia vitundu na vali ndogo, na zile za gesi zimetiwa naitrojeni ili oili isitoe povu. Ikifa, tairi linadunda na kuachana na lami, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Shoku za huyu bwana ni zilizokufa. Moja niliikata kwa msumeno mbele ya mwenye gari. Chini ilikuwa na tobo la drili lililochomelewa, likasagwa, likapigwa rangi nyeusi. Ndani mlikuwa na oili nzito ya giaboksi, gesi hakuna, na vali ni ileile iliyochakaa. Oili nzito inaifanya shoku iwe ngumu kuivuta kwa mkono, kwa hiyo mnunuzi akipewa aishike anaridhika. Ikipata joto barabarani inalainika, sili kuukuu inaanza kuvuja, na kabla ya muda mrefu gari linayumba kuliko mwanzo.

Mipira ya springi ni hadithi nyingine. Ni ile pete ya mpira inayobanwa katikati ya mizunguko ya springi ya koili. Anasema inalainisha. Haiwezi kulainisha, inaizuia springi isibonyee, kwa hiyo inaifanya ngumu zaidi. Tena pikapu nyingi nyuma hazina koili kabisa, zina springi za lifu, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Anayekuuzia mipira ya koili kwa ajili ya nyuma ya gari lenye lifu anauza kitu kisicho na pa kukaa. Kuna aliyefungiwa kwa waya wa kufungia ua. Nimeitoa kwa mkono.

Halafu wengine huwatolea lifu moja au mbili za chini "ili isiwe ngumu". Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu hata mafundi wenzangu wanaofanya kazi kwa nia njema hufanya hivi. Ukitoa lifu, pikapu inaketi chini nyuma. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, na vali hiyo inajua kama gari lina mzigo kwa kuangalia bodi limeshuka kiasi gani. Bodi likishuka kwa sababu lifu zimetolewa, vali inadhani umebeba, inapeleka nguvu nyingi kwenye breki za nyuma. Gari tupu, breki za nyuma kali: magurudumu ya nyuma yanajifunga kabla ya ya mbele, na mkia unageuka. Mteremko wa Mazeras kuja Miritini, mvua imenyesha, trela mbele yako limewasha taa za breki. Sihitaji kueleza zaidi. Na siku utakayopakia simenti au samaki, springi iliyopunguzwa itabeba kile isichoweza.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila aliyedanganywa aliliona dogo. Wakimaliza, vijana wanazitupa shoku zako za zamani kwenye gari lao. "Hizi takataka, mzee, tutakutupia." Usikubali. Hizo ndizo malighafi yake. Zinatobolewa, zinatiwa oili, zinapigwa rangi, na zinamwendea mtu mwingine kama mpya kutoka Japani. Pikapu moja iliyokuja kwangu ilikuwa imetolewa shoku za awali ambazo nilizifunga mimi mwenyewe na bado zilikuwa na maisha marefu, ikarudi na zilizooza. Kwa hiyo mwenye gari alilipa ili abadilishiwe kizuri kwa kibovu.

Ukiletewa shoku na mtu yeyote, duka au mtaani, itazame kabla hujatoa senti. Kiwandani hawapigi rangi mpira wa bushi, ule ulio kwenye tundu la kufungia. Ukiona weusi wa rangi umeingia kwenye mpira, imepakwa upya. Pitisha kidole chini ya mtungi utafute uvimbe wa kuchomelea. Fimbo ya kromu iwe nyororo bila vishimo vya kutu, na nyuzi za nati zisiwe na alama za spana. Namba ya kipuri iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa sababu stika inachapishwa popote. Kama ni ya gesi na imefungwa kwa mkanda, kata mkanda: fimbo inatakiwa ipande yenyewe taratibu. Ikibaki chini, gesi hamna. Isimamishe wima, isukume na kuivuta mara kadhaa. Uzito uwe sawa njia yote, bila mahali inapoteleza ghafla.

Na kwa wale ambao kweli mnaumia migongo, nafuu ipo, na nyingi haina gharama. Anzeni na upepo. Pimeni asubuhi gari likiwa baridi, mfuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yana vipimo viwili vya nyuma, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na madereva wengi hapa wanatembea na cha mzigo mwaka mzima bila mzigo. Kurudi kwenye kipimo halali cha gari tupu kunabadilisha safari siku hiyohiyo. Angalieni pia tairi lenyewe: za mizigo zenye ukuta mgumu zitakutikisa hata ukifanya nini, na tairi kuukuu linakakamaa. Umri umeandikwa ubavuni, tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kisha springi. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari, na chumvi inazigandisha lifu kwa kutu mpaka zinafanya kazi kama chuma kimoja. Lifu zinatakiwa ziteleze moja juu ya nyingine. Fundi mzuri atazifungua zote, azisugue kutu, aweke vipande vya plastiki katikati, abadilishe bushi zilizokufa, atie grisi palipo na niplo, na azirudishe zote bila kupunguza hata moja. Kazi hii ni ya nusu siku na mafundi hawaipendi kwa sababu inachafua, lakini nimeona pikapu zikitoka gereji zikiwa zimetulia bila shoku mpya hata moja. Kama shoku nazo zimevuja, nunueni dukani mnakoweza kurudi kesho. Msitarajie pikapu iwe kama gari dogo, haitakuwa. Lakini safari ya Mariakani au Malindi isikuache ukishika kiuno.

Kuhusu malipo: huyu mtu hataki till, yaani namba ya malipo ya biashara ya M-Pesa, anataka pesa ziende kwenye namba ya simu ya mtu, na namba yenyewe hubadilika. Akishazitoa kwa wakala, kuutuma ujumbe wa malipo kwenda 456 ili urudishiwe pesa hakukusaidii. Till inaonyesha jina la biashara, na risiti yenye maelezo ya kipuri ndiyo silaha yako baadaye. Anayekwepa vyote viwili amekwisha kujieleza.

Kama ameshakufungia, leo kabla ya safari nyingine pima upepo wa tairi zote nne, ujaze kulingana na kibandiko. Halafu mpelekee gari fundi unayemwamini ahesabu lifu na akaze yuubolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli, maana magari mawili niliyoyaona zilikuwa zimelegea na ekseli imeanza kusogea. Shoku alizokufungia zikitolewa usizitupe wala usiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zipige picha, zihifadhi pamoja na ujumbe wake wote na ujumbe wa M-Pesa. Stika za kampuni asizozimiliki ni bidhaa ghushi, na mamlaka inayopambana na bidhaa ghushi ilianzishwa na sheria ya mwaka 2008 kwa kazi hiyohiyo. Pesa zako unaweza kuzidai Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Mwalimu wa Vipingo amekwisha kuandika maelezo yake polisi. Shoku zake ziko kwangu kwenye gunia, pamoja na ile niliyoikata, na mwenye kuhitaji fundi wa kueleza alichokiona ndani yake, nitakuja.